Mwalimu, darasa tulijenga la nini?

Kikao cha wazazi kilikuwa kinaelekea mwisho, watu wameshaanza kushika mikoba, mwenyekiti wa kamati ya shule kauliza kama kuna mwenye la nyongeza, basi mzee mmoja aliyekaa benchi la nyuma kabisa akanyoosha mkono. Akasimama taratibu. Hakunitaja jina ila kila mtu alijua anaongea na mimi.

"Mi nina swali. Mchanga tumebeba, mawe tumebeba, akinamama wamechota maji ya kufyatulia tofali, darasa limeisha, lina madirisha, lina sakafu. Sasa nikipita hapa asubuhi namkuta mjukuu wangu kakaa chini ya mti na daftari. Mwalimu, darasa tulijenga la nini?"

Watu wakapiga makofi.

Nikasimama, nikajibu kama ambavyo mwalimu yeyote angejibu, kwamba ni mbinu shirikishi, kwamba mtaala ulioboreshwa unataka mtoto atende na sio kukaa kusikiliza tu, mkuu wa shule akaniunga mkono, kikao kikafungwa. Jibu halikuwa na shida. Swali ndo halikuondoka. Ni wiki kadhaa sasa, napika naliwaza, nasahihisha madaftari naliwaza, mpaka nimeona bora nikae niliandike, labda kuna mwalimu mwenzangu au mzazi huko aliko linamsumbua kama linavyonisumbua mimi.

Mti na aibu yake

Nilichogundua kwanza ni kwamba yale makofi hayakuwa ya kunishambulia. Watu walikuwa wanapigia makofi kumbukumbu.

Hebu angalia Tanzania yetu ilivyokwenda. Azimio la Musoma 1974, watoto wote waende shule, ikaja UPE 1977, yaani elimu ya msingi kwa wote, watoto wakamiminika, madarasa hayapo, wakakaa chini ya miembe. Ikaja MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, mwaka 2002, ada ikawa imefutwa, watoto wakamiminika tena, madarasa yakajengwa mengi lakini kabla hayajaisha watu walikaa wapi? Chini ya mti. Ikaja elimu bila malipo 2016, hivo hivo. Kila tulipofungua mlango watoto wakawa wengi kuliko kuta, na mti ndo ukapokea waliobaki.

Kwa hiyo kwa mtu wa umri wa yule mzee, picha ya mtoto kakaa kwenye mizizi na daftari mapajani ina maana moja tu. Serikali haijafika. Ndo picha tunayoionyesha tukiomba mabati, ndo picha inayowekwa gazetini ili mkurugenzi aone haya. Alafu anatokea mwalimu na diploma yake anawatoa watoto kwenye darasa lenye sakafu ya simenti, anawarudisha pale pale, anasema eti ni mbinu.

Ukiliangalia kwa jicho hilo, hata mimi ningepiga makofi.

Lakini kuna kitu kingine nilikuwa nakijua, na ndo kilinifanya nianze haya mambo toka mwanzo. Kule Bengal nchini India, Rabindranath Tagore, yule mshairi aliyepata tuzo ya Nobel ya fasihi 1913, alianzisha shule Santiniketan mwaka 1901 na akawasomesha watoto chini ya miti kwa makusudi, kwa sababu yeye mwenyewe utotoni alichukia kufungiwa darasani. Mpaka leo pale watoto wanakaa duara chini ya miti na mwalimu kati. Hakuna anayewaonea huruma, watu wanasafiri kwenda kuwaona.

Mti ni ule ule. Sasa tofauti iko wapi? Nilikuwa nadhani jibu ni pesa, yaani mwenye nacho akikaa chini inaitwa mtindo na asiye nacho akikaa chini inaitwa dhiki. Sikuridhika na hilo jibu, na aliyekuja kunifungua macho ni mtoto wa darasa la tatu.

"Mwalimu, tumekosa nini?"

Siku ya kwanza kabisa nilipoamua kipindi cha Hisabati tukifanyie nje niliingia darasani, nikawaambia bebeni madaftari na penseli, tokeni nje, kaeni karibu na mjohoro. Nilitegemea kelele za furaha. Darasa lilikuwa kimya. Wakatoka kwa mstari, vichwa chini, na wale wa mbele walipofika kwenye uwanja wakapiga magoti.

Wakapiga magoti wenyewe, sijawaambia.

Binti mmoja mdogo, mpole, wa benchi la mbele, akanitazama akaniuliza, "Mwalimu, tumekosa nini?"

Nilichoka.

Maana alikuwa anauliza swali la haki kabisa. Fikiria mtoto wa shule zetu anatoka nje wakati gani wenzake wakiwa darasani. Amepiga kelele, toka nje. Hajafanya hesabu, toka nje, piga magoti juani. Amechelewa namba, kaokote makaratasi. Hajaleta ufagio, nenda kafyeke nyuma ya choo. Nje wakati wa vipindi ni mahali pa wenye makosa. Darasani ndo kwa watoto wazuri. Mapumziko ndo pekee nje inapokuwa yao, na hapo ni dakika chache za kukimbilia uji na kucheza rede, kengele imelia.

Na jembe je? Jembe ndo kabisa. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, shamba la shule lilikuwa sehemu ya somo, wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, waone faida ya jasho lao, wajifunze kwa nini mbolea hii na sio ile. Sisi tuliosoma baadaye tulilikuta shamba, maelezo hatukuyakuta. Mimi nimelima mihogo ya shule miaka yote ya msingi na sikumbuki hata siku moja mwalimu alinionyesha kwa nini mhogo ule umeoza mizizi. Nakumbuka tuta la adhabu lilikuwa refu kuliko tuta la kawaida.

Viboko vina kanuni tangu 1979, siku hizi visizidi vinne, mkuu wa shule aidhinishe, viandikwe kwenye kitabu. Sio kwamba navitetea, mi binafsi naona vimepitwa na wakati na natamani viishe kabisa, lakini angalau kwenye karatasi kuna kipimo na kuna kitabu. Kufyeka majani juani mpaka saa sita, kwetu hakuna anayekuandika popote. Mtoto anarudi darasani mikono ina malengelenge, kapitwa na vipindi viwili, na kajifunza jambo moja ambalo halitatoka, kwamba ardhi na jua na majani ni vitu unavyopewa ukikosea.

Alafu tunashangaa kwa nini kijana akimaliza la saba hataki kusikia habari ya shamba.

Basi hapo ndo nikaelewa Santiniketan na kwetu tofauti sio pesa peke yake. Wale watoto wa kule wakitoka nje hawana haja ya kuuliza wamekosa nini.

Kivuli kilichopanda ukutani

Niwaonyeshe somo moja, ili tusiwe tunaongea hewani. Darasa la tano, uwiano. Kitabuni kuna hesabu za maembe na shilingi, zinajibika, watoto wanazikariri. Mi nikatafuta ufito wa mita moja kamili, tukausimamisha wima saa nne kasoro asubuhi, kivuli chake kikawa sentimita 80. Swali: mjohoro una urefu gani? Bila kuupanda.

Tuna kamba ya katani ambayo tumeifunga fundo kila baada ya mita. Watoto wakainyoosha kutoka kwenye shina mpaka ncha ya kivuli. Hapo ndo ugomvi ukaanza, na ugomvi ule nauthamini kuliko mtihani wowote niliowahi kutunga. Mmoja anasema tuanzie pembeni ya shina, mwingine anasema hapana, katikati, maana ncha ya juu iko katikati. Mwingine akasema ufito umeinama. Kweli, uliinama kidogo, wakaufungia jiwe kwenye uzi wauone umesimama sawa, wazo la kwao wenyewe, sijui wameona kwa fundi gani. Alafu wakafika mwisho wa kivuli wakakuta kimepanda kwenye ukuta wa choo. Hakilali chini chote. Kipande kiko chini, kipande kiko ukutani.

Sasa?

Nikanyamaza. Ni kazi ngumu kwa mwalimu kunyamaza, ulimi unawasha. Wakabishana, mmoja akataka wajumlishe tu cha chini na cha ukutani, mwenzie akamkatalia akamwambia ukutani kinasimama hakilali huwezi kukijumlisha. Mwisho msichana mmoja akasema tungoje, jua likipanda kivuli kitafupika kitashuka. Wakangoja. Kikashuka. Wakapima upya vyote viwili kwa pamoja, maana walishaelewa wenyewe kwamba kivuli cha ufito nacho kitakuwa kimebadilika. Jibu lilikuja mita 9 na kidogo.

Kipindi cha Kiingereza kilishaanza na mwalimu mwenzangu alikuwa kasimama mlangoni kanuna, na ana haki, muda wake nimeula. Hilo ni tatizo la kweli na bado sijalipatia dawa, vipindi vya dakika 40 havikutungwa na mtu aliyewahi kungoja kivuli kishuke.

Yanayosemwa mkitembea

Hili ndo nilikuwa nasita kuliandika.

Siku hizi shule zina dawati la ulinzi wa mtoto, lina mwalimu wake, lina sanduku la maoni. Jambo jema sana. Kwenye shule nyingi nilizopita ofisi yenyewe iko jirani na ya mkuu wa shule, mlango unatazama uwanjani, mtoto akiingia pale darasa zima limeona na mpaka jioni mtaa mzima umeshajua. Nani ataingia?

Ila mkitoka kwenda kupima mzingo wa uwanja, mtoto ameshika ncha moja ya kamba wewe umeshika nyingine, mnatembea, hamtazamani usoni. Mtoto wetu kalelewa asimtazame mkubwa machoni, ndo adabu, kwa hiyo ukimkalisha mbele yako kwenye kiti ukamwambia haya niambie una shida gani unamweka mahali ambapo malezi yake yote yanamwambia ainamishe kichwa anyamaze. Mkiwa mnatembea kila mmoja anaangalia mbele na maneno yanatoka yenyewe. Mmoja aliniambia, anahesabu mafundo, kumi na nne, kumi na tano, jana hatukula, kumi na sita.

Hakusimama. Aliendelea kuhesabu.

Kuna mengine mazito zaidi ya njaa na sitayaandika hapa, yalikwenda yanakopaswa kwenda. Nachotaka kusema ni kwamba nilianza haya kwa ajili ya Hisabati na nikakuta nimeangukia kwenye malezi. Na hapo ndo shaka ikaniingia kweli kweli. Mtoto kaniambia kitu kwa sababu tulikuwa tunapima uwanja, je, anajua kwamba mimi sasa nina wajibu wa kukifikisha mbele? Nikitoka naye tena nikitegemea aseme, si nitakuwa namtega? Nimeamua hivi: siulizi. Tunapima. Akisema, nasikiliza, alafu namwambia pale pale kwamba hili siwezi kulibeba peke yangu na nitamwambia nani. Mmoja alinyamaza baada ya hapo na hajaniambia kitu tena. Nadhani bado ni sahihi kumwambia.

Jua sio rafiki wa kila mtoto

Kuna watu wanaongelea nje kana kwamba ni dawa ya kila kitu. Sio.

Darasani kwangu yuko mtoto mwenye ualbino. Kwake saa tano ya asubuhi uwanjani ni hatari, na kivuli cha mti hakimkingi chote, mionzi inapenya majani na inarudi kutoka kwenye mchanga mweupe wa huku kwetu Pwani. Anahitaji kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, na losheni. Losheni nzuri inatengenezwa hapa hapa nchini, Kilisun, pale hospitali ya KCMC Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino, lakini kuifikisha kwa mtoto wa kijijini kila mwezi ni safari nyingine. Macho yake pia hayaoni mbali, kwa hiyo ubaoni anahangaika na nje naye anahangaika kwa namna nyingine, mwanga unamuumiza. Nilichofanya nimehamisha vipindi vya nje vyote viwe mapema, kabla ya saa nne kama inawezekana, na vya kivuli kama kile cha mjohoro yeye ndo mwandishi wa vipimo, anakaa barazani darasa linamletea namba. Siipendi kabisa hiyo hali. Anakuwa pembeni tena, safari hii kwa sababu yangu mimi niliyetaka kuwatoa wote.

Na kuna mwingine mguu wake mmoja mfupi, mchanga unamchosha. Na kuna nyoka, tukubaliane, majani yakiwa marefu masika siwapeleki.

Kwa upande mwingine kuna faida ambayo sikuitegemea nilipoisoma. Guangzhou, China, walichukua shule 12 za msingi, nusu yake wakawaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule, nusu wakawaacha na ratiba yao. Baada ya miaka mitatu, walioongezewa muda, watoto kama 30 kati ya 100 walikuwa hawaoni mbali vizuri. Wale wengine, kama 40. Matokeo yalitoka 2015. Yaani kuwa nje tu, bila dawa, bila miwani. Nilimsomea mume wangu akaniambia basi huku kwetu watoto macho mazuri maana wanashinda nje, nikamwambia walikuwa wanashinda, siku hizi tuisheni mpaka magharibi, wikiendi tuisheni, likizo tuisheni.

Barazani kwa mzee

Nilikwenda kwake. Jumamosi jioni, nikabisha hodi, shikamoo mzee, marahaba mwalimu karibu, tukakaa barazani, mjukuu akaleta maji. Sikwenda kumshawishi, nilikwenda kumsikiliza kwa sababu swali lake lilikuwa halinipi usingizi.

Akaniambia yeye kasoma UPE, chini ya mkorosho, miaka ile. Hana uchungu na mkorosho wenyewe, walikula mabibo yake. Uchungu wake ni mvua. Wingu likitanda mwalimu anafunga, watoto mbio nyumbani. Masika yote hivo. "Kugawanya sikukujua mpaka nina watoto wangu mwenyewe," akasema. "Kulifundishwa masika."

Sikuwa na la kusema.

Baadaye nikamuuliza, je kama darasa lipo, mlango uko wazi, mvua ikija tunaingia, na tukitoka tunatoka kwa sababu kinachopimwa kiko nje? Akafikiri muda. Akasema, "Mti siuchukii mwalimu. Nachukia kuambiwa hapana pengine." Alafu akaniuliza kitu ambacho hakuna mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, aliyewahi kuniuliza. Akauliza kwa nini wazazi hatukuambiwa, kwa nini tumekuja kuona kwa kupita barabarani. Tofali wamebeba wao, eneo ni lao, na siku mwalimu anabadilisha matumizi ya darasa wao wanalikuta limeshabadilishwa.

Mjukuu wake ndo yule aliyemwambia mwenzie kivuli cha ukutani hakijumlishwi. Nilimwambia babu yake. Alicheka mpaka akakohoa, akamwita mtoto aje amweleze, mtoto akachora mti na ukuta kwa kijiti pale chini kwenye mchanga wa barazani na mzee akawa anauliza maswali, sasa jua liko wapi hapa, na mchana je.

Ninachokwenda kuomba

Kamati ya shule inakaa mwezi ujao na nimeomba nafasi kwenye ajenda. Sitaki mradi mkubwa. Sitaki mabango yenye rangi wala bustani ya kupigia picha wageni.

La kwanza ni adhabu. Kufyeka, kuchota maji, kupiga magoti juani, viondolewe kwenye adhabu kabisa. Usafi wa mazingira ufanywe na wote kwa zamu, walimu tukiwemo, kama kazi ya kawaida ya mahali tunapoishi mchana kutwa. Hili najua litapingwa na walimu wenzangu kabla ya wazazi, maana wataniuliza basi tuwaadhibu na nini, na darasa lina watoto wengi vile. Ni swali la haki. Sina jibu linaloweza kutosha kwenye kikao cha saa moja lakini najua nisipolifungua hili mengine yote ni bure, nitakuwa natoa watoto nje asubuhi kujifunza na mwalimu wa zamu anawatoa pale pale mchana kuwaadhibu.

La pili, vipindi viwili vya Hisabati viunganishwe mara moja kwa wiki, asubuhi, ili mwenzangu wa Kiingereza asinune tena.

La tatu, kofia mbili za ukingo mpana zinunuliwe kwenye fedha za uendeshaji, zikae ofisini kama chaki zinavyokaa, zisiwe msaada wa kumwombea mtoto.

Na wazazi waalikwe, sio kikaoni, waje kipindini. Waje wakae nasi kivulini wabishane na watoto kuhusu kivuli.

Mvua ikinyesha tutaingia darasani tuendelee pale tulipoishia. Na mthibiti ubora akija akakuta madawati matupu, andalio la somo litakuwa mezani, limeandikwa tuko upande gani wa uwanja na tunapima nini.